Sikio Halilali na Njaa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Shimesikio, Usingizi na Mlio wa Usiku

Nilisaga na kukoboa mahindi pale Kibaigwa kwa miaka kumi na saba. Mashine ya kusaga haijui kunong'ona, na enzi zile kijana aliyeziba masikio kwa pamba alichekwa. Sasa naishi Chang'ombe, Dodoma mjini, nina shimesikio mbili, yaani vifaa vidogo vya sikioni vya kunisaidia kusikia, na ndani ya sikio la kulia kuna filimbi nyembamba ambayo haijapumzika tangu nilipoisikia mara ya kwanza. Watu wakiziona shimesikio zangu huniuliza: sokoni Majengo, kwenye daladala, hata msibani. Wengi wanauliza habari za usiku. Nimeyakusanya maswali yao hapa. Majibu nimeyapata kwa madaktari, kwa kusoma, na mengine kwa kukosea mwenyewe. Mimi si tabibu. Panapomhitaji tabibu nitasema.

Je, nilale nikiwa nimevaa shimesikio?

Usiku mzima, hapana. Ukisinzia nazo kitini baada ya chakula cha mchana, au kwenye basi la Singida, hakuna kosa. Shida ni yale masaa saba au manane. Ngozi ya tundu la sikio inahitaji hewa. Ikizibwa usiku kucha, jasho na nta hutuama ndani, na fangasi hupenda sana mahali pa namna hiyo. Kisha kuna mluzi. Shimesikio ikibanwa na mto, sauti inayotoka kwenye spika yake inarudi kwenye maikrofoni yake yenyewe, inakuzwa, inatoka, inarudi tena. Wewe huenda usiamke, lakini mwenzako ataamka. Na asubuhi utaitafuta ndani ya shuka, chini ya kitanda, kwenye mikunjo ya chandarua, huku ukiomba usiwe umeikanyaga.

Wapo wachache ambao mtaalamu wa usikivu amewaambia walale nazo kwa sababu maalumu ya kupunguza mlio wa ndani ya sikio. Hao wafuate walichoambiwa.

Na aliyepandikizwa kifaa ndani ya sikio?

Sehemu ya nje anaivua usiku. Ya ndani inabaki, haina habari na mto. Upandikizaji huo unafanyika hapa nchini tangu mwaka 2017, Muhimbili ilipoanza.

Mchana nafanya kazi vizuri, lakini nikizima taa tu, masikio yanaanza kulia. Kwa nini?

Wahenga walisema sikio halilali na njaa. Walikuwa wanazungumzia umbea, kwamba sikio halikosi la kusikia, lakini mimi sijaona maneno yanayoeleza jambo hili vizuri zaidi.

Ndani kabisa ya sikio kuna mrija uliojisokota kama konokono, umejaa chembe zenye vinyweleo vidogo mno. Hivyo ndivyo vinavyogeuza mtikisiko wa hewa kuwa taarifa ya kupelekwa kwenye ubongo. Mashine, muziki mkubwa, uzee na baadhi ya dawa huviua, na kwa binadamu vikishakufa havioti tena. Ubongo unabaki unasubiri taarifa kutoka sehemu ile, hauipati. Basi unafanya kama mtu mwenye redio inayopokea mawimbi hafifu: unapandisha sauti. Ukipandisha sana bila kituo, unasikia nini? Mvumo wa redio yenyewe. Mlio wako kwa sehemu kubwa ndio huo. Kwa hiyo kusema "mlio uko sikioni" ni nusu ya kweli. Jeraha liko sikioni, sauti inapikwa kichwani.

Mchana sikio linashiba. Kuna bodaboda, watoto wa shule, mwenye duka la jirani na spika yake. Usiku wa Dodoma, hasa mitaa ya pembezoni kama Nzuguni au Mkonze, kimya kinashuka mapema. Chakula kikikosekana, sikio linajila lenyewe.

Na usidhani ni wagonjwa tu. Mwaka 1953 watafiti wawili wa Marekani, Heller na Bergman, waliwaingiza watu 80 wenye masikio mazima kwenye chumba kisichopenya sauti, kisha wakawauliza wanasikia nini. Asilimia 94 walisema wanasikia kitu: kuvuma, kulia, kuchemka. Masikio mazima! Weka kimya cha kutosha, karibu kila mtu ana mlio wake.

Jambo la pili ni hofu. Ukiwa kitandani huna kazi nyingine isipokuwa kuusikiliza. Ukiusikiliza unakasirika, moyo unaenda mbio, ubongo unaelewa kwamba sauti hii ni ya hatari na inafaa kufuatiliwa kwa makini. Kesho usiku unaisubiri kabla haijaanza. Mimi nilifanya hivyo miezi mingi.

Nikivua shimesikio mlio unapanda ghafla. Je, zinaniharibu?

Haziharibu, mradi zimepimwa na kurekebishwa kulingana na usikivu wako. Mchana zimekuwa zikililisha sikio, ukizivua unaliondolea sahani mbele yake. Wengi wenye upungufu wa kusikia huona mlio unapungua wanapovaa shimesikio, kwa hiyo kuivua ndiko kunakoonyesha tofauti.

Nilikuwa nazivua saa mbili usiku, mara tu baada ya kula, nikijidai napumzika. Nikakaa na filimbi yangu masaa mawili nzima kabla ya kulala, tukitazamana. Siku hizi nazivua nikiwa tayari nimepanda kitandani, na redio nimeiwasha kabla. Sikio lisikute pengo.

Niweke sauti gani usiku?

Yoyote isiyo na maana na isiyo na mabadiliko makubwa. Feni inatosha kabisa, na miezi ya Oktoba na Novemba utaihitaji kwa joto pia. Juni na Julai baridi ya Dodoma haikuruhusu kulielekeza kitandani. Ligeuze ukutani, wewe unataka sauti tu. Redio ya zamani ya kuzungusha ukiiweka mahali pasipo na kituo inatoa ule mvumo wa "shhhh" ambao ni dawa nzuri na haina gharama. Kwenye simu kuna sauti za mvua, mto na bahari. Pakua mara moja ili bando lisiteketee usiku kucha. Mimi nilirekodi mvua yangu mwenyewe ikipiga bati, Januari, kwa sababu hapa kwetu mvua ikikata Aprili huisikii tena hadi Desemba. Naisikiliza Septemba vumbi likitimka nje, na ninakiri kuna siku inanitia hamu kuliko usingizi.

Taarifa ya habari na mahubiri hayafai. Utajikuta unafuatilia.

Kiwango cha sauti ndicho watu wanachokosea zaidi. Usiufunike mlio usisikike kabisa. Weka sauti chini yake kidogo, uvisikie vyote viwili, mlio ukiwa umechanganyika kama chumvi kwenye mboga. Ukiufunika wote, ubongo haupati nafasi ya kuuzoea, na kila usiku utahitaji kuongeza.

Umeme ukikatika? Kuwa na redio ndogo ya betri. Na simu usiilaze chini ya mto ikiwa kwenye chaji. Inapata joto, inaweza kuwaka moto.

Mimi usikivu wangu umeshuka sana. Nikivua shimesikio, hata feni silisikii.

Hapo ushauri wa hapo juu unapungua nguvu, na wengi wanaoutoa hawasemi. Jaribu spika bapa ya kuweka ndani ya foronya, inayokaa karibu na sikio au mfupa wa nyuma yake. Kama nayo haifiki, acha masikio, mpe ubongo kazi nyingine ya kushika: pumzi inayoingia na kutoka polepole, uzito wa miguu kwenye godoro. Zipo pia shimesikio zenye sauti ya kutuliza ndani yake. Ukae nazo saa moja kitandani umeegemea mto, kisha uvue. Mwombe mtaalamu wako aangalie kama za kwako zina uwezo huo.

Mume wangu anataka redio, mimi nataka kimya. Tumefika mahali tunalala vyumba viwili.

Dada, ile spika ya ndani ya foronya iliundwa kwa ajili ya ndoa yenu. Yeye anasikia, wewe husikii au unasikia kidogo mno. Asitumie vile vya kuchomeka sikioni usiku kucha, maana tunarudi kwenye jasho na fangasi.

Na la pili, kwa kuwa umeuliza mwenyewe: maneno ya muhimu, ya ada za shule au ya mgonjwa kijijini, yasemeni kabla hajavua na kabla hamjazima taa. Mtu asiyesikia vizuri anasoma midomo hata kama hajui kwamba anasoma. Gizani umemnyima vyote viwili, halafu unasema anakupuuza.

Shikamoo mzee. Niko Kondoa. Ramadhani watu wanapita kuamsha daku, mimi sisikii kitu. Nifanyeje?

Marahaba. Saa ya mkononi inayotetemeka ndiyo suluhisho langu. Simu yenye mtetemo ndani ya foronya, ikiwa haiko kwenye chaji, pia inaamsha. Ziko saa za mezani zenye kidude cha kutetemesha kinachowekwa chini ya godoro, zimetengenezwa kwa ajili ya viziwi, nazo zingeamsha hata tembo. Mzee mmoja wa huko huko kwenu aliniambia yeye alifunga kamba kwenye dole gumba la mguu, ncha nyingine ikatoka dirishani, na mjukuu akapewa kazi ya kuivuta. Nilipomuuliza kama inafanya kazi, alisema tatizo ni kwamba mjukuu anaivuta hata siku zisizo za mfungo.

Kuhusu moto, wezi au mgonjwa usiku: jirani mmoja na mtu mmoja nyumbani wajue kwamba ukilala husikii mlango, na wajue namna ya kukufikia. Mama mwenye mtoto mchanga alaze kitanda cha mtoto pembeni kabisa ya cha kwake, na zamu ya usiku agawane na anayesikia.

Usiku shimesikio niziweke wapi?

Mahali pamoja, kila siku, penye kifuniko. Kopo dogo lililokauka linatosha. Ndani yake weka vile vipakiti vya chembe za kufyonza unyevu; vya mtaalamu hubadilika rangi vikishashiba, vile vya kwenye maboksi ya viatu havikwambii kitu. Mchele ambao watu hutumia kukaushia simu usiutumie, una unga unaoingia kwenye maikrofoni. Kabla ya kuzifunika zifute kwa kitambaa kikavu, usitumie maji wala spiriti, na utazame kama nta imeziba tundu la sauti. Kisha fungua kimlango cha betri kiwe wazi hadi asubuhi, unyevu utoke na betri ipumzike. Zile za kuchaji zenyewe zinalala kwenye chaja.

Adui wetu Dodoma ni vumbi kuliko unyevu. Dirishani ni marufuku, hasa upepo wa Agosti hadi Oktoba. Ukipuliza dawa ya mbu chumbani, kopo liwe limefungwa kwanza. Na kama una mbwa, weka juu: harufu ya nta inawavutia sana mbwa, na shimesikio kwao ni mfupa wa bei mbaya.

Betri ziweke mbali na watoto kama sumu. Mtoto akimeza betri ndogo ya duara inaweza kuchoma koo lake ndani ya saa mbili. Usisubiri itoke chooni, mkimbize hospitali wakati huo huo.

Mbona betri zangu zinaisha haraka kiangazi?

Betri nyingi za shimesikio zinafanya kazi kwa hewa: ukibandua kile kikaratasi, hewa inaingia kupitia vitundu na umeme unaanza kuzalishwa. Ukishabandua huwezi kurudisha nyuma, hata ukikibandika tena. Hewa kavu kama yetu ya Julai inakausha maji yaliyomo ndani yake, hivyo usibandue kabla ya kuhitaji. Ukibandua, ziache dakika chache mezani ndipo uzitie; zinadumu zaidi. Rangi ya kikaratasi ndiyo saizi duniani kote: njano ni 10, kahawia 312, chungwa 13, bluu 675. Kwa kuwa dukani Dodoma saizi yako inaweza kukosekana wiki nzima, mtu akienda Dar mwagize.

Nilichomwa sindano nikaanza kusikia mlio. Inawezekana?

Inawezekana. Wazee waliotibiwa malaria kwa kwinini wanaujua ule mvumo vizuri, kabla ya dawa mseto ya malaria kuingia mwaka 2006. Ule wa kwinini kwa kawaida huisha dawa ikiisha. Aspirini kwa dozi kubwa nayo ni hivyo hivyo. Lakini antibiotiki za jamii ya gentamaisini, na sindano zilizotumika zamani kwa kifua kikuu, zinaweza kuua vile vinyweleo moja kwa moja, na baadhi ya dawa za saratani pia. Usikatishe dawa kwa uamuzi wako. Mwambie anayekutibu siku hiyo hiyo mlio unapoanza, na siku zote mtaje kwamba una tatizo la masikio kabla hajaandika.

Kuna dawa ya kunywa ya kuumaliza? Au vidonge vya usingizi?

Ya kuumaliza, hakuna. Miongozo ya madaktari wa masikio, pua na koo wa Marekani ya mwaka 2014 inasema wazi kwamba dawa ya mti wa ginko, zinki na virutubisho vingine visipendekezwe kwa mlio. Inachopendekeza ni shimesikio kwa mwenye upungufu wa kusikia na tiba ya mazungumzo ya kubadili namna unavyoupokea mlio. Kwa hiyo yule anayeuza chupa stendi akisema inatibu masikio, presha na nguvu za kiume, mwache na chupa yake. Vidonge vya usingizi bila daktari vinazoesha. Glasi ya mvinyo wetu wa Dodoma itakulaza saa nne na kukuamsha saa nane.

Nitie mafuta ya moto? Kitunguu? Nichokonoe kwa njiti?

Usitie, usichokonoe. Kama kiwambo cha sikio kimetoboka, unachomimina kinaingia kusikopaswa, na njiti inasukuma nta ndani zaidi. Hata hivyo nta yenyewe ni mkosaji wa kweli: imewahi kuwapa mlio watu waliodhani ni uzee. Anzia zahanati au kituo cha afya mtu akutazame kwa taa, usafishwe ikibidi. Wapo waliopona siku hiyo hiyo.

Wanasema sikio likilia unasengenywa.

Basi mimi nasengenywa tangu Kibaigwa, na wasengenyaji hawalali.

Ni wakati gani nisisubiri?

Usikivu ukishuka ghafla, ndani ya saa chache au siku mbili tatu, hasa sikio moja. Hiyo ni dharura. Dawa husaidia zaidi zikianza mapema, na kila siku inayopita inapunguza nafasi. Nenda pia haraka kama mlio unapiga pamoja na mapigo ya moyo, kama uko upande mmoja tu, kama una kizunguzungu cha nyumba kuzunguka, usaha, umegongwa kichwa au uso umelegea upande. Kwa Dodoma, barua ya rufaa itakupeleka Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au Benjamin Mkapa, kule karibu na Chuo Kikuu. Na kama kukosa usingizi kumekufikisha mahali unawaza kujidhuru, usibaki chumbani. Amsha mtu sasa hivi, kisha hospitali. Kuna watu wamefika hapo kwa sababu ya mlio, na wametoka.

Kijana wangu anafanya kazi kwenye mashine ya kusaga. Ameshachelewa?

Hapana. Ukubwa wa sauti hupimwa kwa desibeli, na desibeli 85 kwa saa nane ndipo mpaka. Kila zikiongezeka 3, muda salama unagawanyika nusu, hivyo 88 ni saa nne tu. Mnunulie vya kuziba masikio, na akichekwa mwambie anione.

Mlio utaisha?

Wengine huisha, hasa ulioanza juzi baada ya sherehe yenye spika kubwa. Wa muda mrefu mara nyingi hauishi, ila unapoteza umuhimu. Mlio wangu haujapungua sauti hata kidogo. Kilichopungua ni mimi kuujali. Fikiria saa ya ukutani: inagonga sasa hivi chumbani mwako na hukuwa unaisikia mpaka nilipoitaja. Ilichukua karibu mwaka na nusu, na bado nikiwa na mawazo au homa unarudi mbele.

Nikiamka saa tisa usiku ukiwa juu, nifanye nini?

Usitazame saa. Ukiona kama dakika ishirini zimepita na usingizi hauji, toka kitandani, maana ukibaki kitanda kitazoea kuwa mahali pa ugomvi. Mimi naenda sebuleni, siwashi taa kubwa, sishiki simu. Huwa nachambua mchele wa kesho au naviringisha kamba, kazi ya mikono isiyohitaji akili. Macho yakianza kuwa mazito ndipo narudi. Mke wangu anasema tangu niumwe masikio hajawahi kuuma jiwe kwenye wali.